Kura ya Uwanja wa Pinfold

Aldersyke, Yorkshire
Jumapili, 13 Februari 2005

Kwa kaka yangu Desmond,

Salamu zikufikie huko uliko. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji Pauline, na kwamba kile kifua chako kilichokuwa kikikusumbua kila majira ya baridi kimepata nafuu kwenye jua la Hispania. Nakuuliza hali kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kuanza barua, na kwa sababu mimi na wewe tumelala tumbo moja. Usije ukadhani hasira yangu imepoa. Sisi huku hatujambo. Theluji imeyeyuka ikatuachia tope. Mama ni mzima, isipokuwa lile goti. Anakula, anasikiliza redio, na siku akiwa na nguvu anagombana nayo.

Sasa nije kwenye jambo. Clive Ogden, katibu wa klabu yetu ya mpira, amenionyesha barua uliyomwandikia. Unauliza kwa nini ombi lako la uanachama limekataliwa. Unasema umeshakata tiketi za ndege kwa ajili ya mechi ya Pasaka dhidi ya Bargate, na unataka uwekewe kiti kwenye jukwaa jipya, mahali, nanukuu maneno yako, "panapomfaa mwenyekiti wa zamani." Halafu ukaongeza kwamba unamjua vizuri aliyewatia watu sumu juu yako, kwamba dada yako alikuonea wivu tangu utotoni na sasa amepata kiti cha kukalia wivu wake. Clive ni mtu mpole. Alitaka kukujibu kwa mistari miwili yenye adabu. Nikamwambia aniachie mimi, maana wewe hukuwahi kuelewa adabu isipokuwa ile unayotendewa.

Unanilazimisha nianzie mbali, kwa kuwa mtu anayeomba mahali panapomfaa amesahau mahali penyewe palikuwa nini. Wewe na mimi tumeisikia hadithi hii mezani tangu hatujaota meno ya pili, lakini isome tena, huenda jua limeifuta. Klabu yetu waliianzisha wafumaji wa kiwanda cha mablanketi cha Lumb, mwaka 1887, baada ya mabwana wa kiwanda kuwafukuza uani walipokuwa wakicheza wakati wa chakula. Walikodi, na baadaye wakanunua, kile kipande cha ardhi cha Pinfold ambacho hata kondoo walikuwa hawakitaki. Wakakisawazisha kwa koleo zao wenyewe baada ya kazi, na hakikusawazika. Kona ya upande wa mfereji ilibaki chini hadi siku ya mwisho, na wachezaji wa ugenini walikuwa wakiiteremka kama walevi wanaotoka baa. Jezi zilikuwa za kahawia kwa kuwa rangi hiyo ndiyo iliyobaki kwenye mapipa kiwanda kilipomaliza mablanketi ya jeshi. Ndiyo maana watu wa Bargate, maili nne tu kutoka hapa, wamekuwa wakituita Samadi tangu enzi za babu zao. "Samadi hao! Shikeni pua!" Nasi tukawaita wezi wa kondoo, kwa sababu walikuwa wezi wa kondoo.

Hatukuwahi kuwa timu ya kwenye televisheni. Ligi zile kubwa tuliziona kwa mbali kama mtu anavyoyaona mapambo ya dukani. Wachezaji wetu walikuwa mafundi bomba, madereva wa lori, walimu, na siku za Jumamosi walifika wakiwa bado na rangi ya ukuta kwenye nywele. Lakini uwanja ulikuwa wetu. Wale wafumaji walikuwa wameshaonja kufukuzwa, kwa hiyo waliandika katika katiba kwamba Pinfold hautakuwa mali ya tajiri yeyote, kila mwanachama atakuwa na kura moja, na hautauzwa ila kwa kura ya wanachama. Babu alibeba mawe ya zile ngazi za kusimamia. Baba alicheza beki wa kushoto hapo hapo mwaka 1956, siku ile ya kombe, wakati timu ya kulipwa ilipokuja na basi lao na tai zao shingoni, watu wakapanda hadi kwenye paa la kiwanda kutazama, na wale mabwana wakaondoka wamefungwa mawili kwa moja na tope hadi masikioni. Na Mama alifua jezi. Alianza juma lile alipoolewa. Wewe na mimi tulikula uji wetu chini ya mikono ya jezi za kahawia iliyokuwa ikining'inia jikoni ikidondosha maji kwenye meza.

Ukawa mwenyekiti wewe, na mji ulifurahi, maana ulikuwa mtoto wa Harold Haigh. Sikatai kwamba paa la jukwaa lilikuwa linavuja. Sikatai kwamba ligi ilikuwa imetupa onyo. Lakini watu wa Aldersyke walikuwa wakiziba paa lile kwa bati na maneno machafu tangu vita, na wangeliziba tena. Wewe ukatuletea wale wajenzi wenye viatu safi. Ile Jumapili baada ya chakula cha mchana ulisimamisha mchoro wako mbele ya wanachama: uwanja mpya kando ya mfereji, taa ndefu, viti vya plastiki, na vijitu vidogo vilivyochorwa vikiwa vimeshika maputo. Nakumbuka Norman Thewlis, mtunza nyasi wetu, alivyousogelea ule mchoro akauliza hilo goli la kaskazini litapata jua saa ngapi. Ukamjibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu. Tulipiga kura kwa vikaratasi kwenye bati la biskuti. Hoja yako ya kuuza Pinfold ikapita kwa kura moja. Baba yake Clive, aliyekuwa katibu wakati ule, aliisoma hesabu, akafuta miwani, akaisoma tena.

Yaliyofuata unayajua, ingawa mengi hukuwepo kuyaona. Palipokuwa na nukta ya penalti sasa pana friji ya samaki wa barafu wa supamaketi. Nimesimama hapo na kikapu mkononi nikashindwa kukumbuka nilichokuja kununua. Kampuni ya uwanja mpya ilifilisika kabla haijaweka tofali. Lile shimo la msingi kando ya mfereji limejaa maji, na bata wamelipenda. Wewe ukahamia Hispania kwa sababu, ulisema, ya kifua. Sisi tukaenda kwa Bargate, kofia mkononi, kuomba tucheze kwenye uwanja wao. Unajua maana yake hiyo? Kila Jumamosi ya nyumbani wao walikuwa wakija kututazama kwa makusudi tu, wanasimama nyuma ya goli letu na kuimba, "Wapangaji! Wapangaji! Futeni miguu mlangoni!" Norman alikatazwa hata kugusa mashine yao ya kukatia nyasi. Watu wakaacha kwenda, mmoja mmoja, ligi ikatushusha, kisha ikatufuta, na klabu iliyopita salama katika vita viwili vya dunia ikafa Jumanne moja kwa barua ya mhuri.

Tuliifufua. Hilo kalisemee huko kwenye baa yako ya ufukweni. Tuliifufua kwenye ligi ya chini kabisa, kwenye konde tulilokodi kwa mkulima mmoja, Booth, pembeni ya mitambo ya maji machafu ya mji. Upepo ukitoka mashariki, mchezaji wa ugenini anaomba kubadilishwa. Bargate walipokuja mara ya kwanza waliimba, "Samadi mmerudi nyumbani!" na mimi, mwenyekiti, niliyekuwa nimesimama na kikombe cha mchuzi wa nyama, niliwamwagia kiasi. Clive aliandika barua ya kuomba radhi. Mimi sijaomba hadi leo.

Lakini sikukaa chini kukuandikia historia unayoijua. Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo mji mzima ulilisema vibaya, na mimi nililisema vibaya kwa sauti kuliko wote.

Ile kura moja, Desmond. Ukishindwa kwa kura ishirini unalia na kulala. Ukishindwa kwa kura moja unamtafuta mtu. Juma lilelile watu walikusanyika baa ya Fleece, na kila aliyesema siku zote kwamba atapinga akatakiwa aape mbele ya wenzake kuwa kweli alipinga. Wakaapa wote, wengine kwa roho za mama zao. Ilipofika zamu ya Norman Thewlis, aliweka glasi chini akasema, "Mimi siapi. Kura yangu ni siri. Kama mlitaka kuijua mngeniambia ninyooshe mkono, msingeweka bati." Basi. Hakusema zaidi, na hakuhitaji, tulikuwa tumeshampata. Watu wakakumbuka kwamba alionekana akinywa nawe bia. Binti yake alipopata kazi ya kukaa kwenye mashine ya malipo pale supamaketi, ushahidi ukatimia. Tulisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu alimpaka kinyesi cha ng'ombe mlangoni. Mtu mwingine aliandika YUDA kwenye ukuta wa banda lake la vifaa, na Norman hakulifuta, aliliacha hapo na kuendelea kutundika reki zake juu yake.

Alikuja nasi kwa Booth kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuotesha nyasi kwenye udongo ule. Tulimpa kazi, hatukumpa salamu. Kwenye mikutano alikaa mstari wa nyuma na viti vya pande zake zote mbili vilikuwa vitupu. Mkewe Edna alipokufa, kanisani walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole. Mama alikuwepo. Alikata mikate ya nyama kwa ajili ya waombolezaji, akasimama kaburini na kofia yake ya kijivu, na mimi nilimkemea njiani kurudi kwa kwenda kumzika mke wa msaliti. Hakunijibu. Nikadhani ni wema wake.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano mkuu, kwenye ukumbi wa shule. Ombi lako la uanachama lilikuwa limefika, na Clive akaandaa hoja: kwamba Desmond Haigh, kwa sehemu yake katika kuuzwa kwa Pinfold, asiwe mwanachama wala asiingie katika uwanja wa klabu maisha yake yote. Nataka ujue nilivyoipokea. Niliipokea kwa raha. Niliisoma kwa sauti yangu nzuri, nikauliza kama kuna anayeiunga mkono, mikono ikaruka kama ya watoto wanaoitiwa pipi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Na Norman je? Mmoja aliuza, mwingine alimshikia mlango!" Watu wakacheka. Norman hakugeuza kichwa.

Ndipo Mama akasimama. Unajua anavyosimama siku hizi, kwa vipande, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele. Nilidhani anakwenda msalani. Akasema, "Ongezeni jina langu."

Nikamwambia, "Mama, tunapiga kura. Keti."

Akasema, "Najua mnafanya nini. Nasema ongezeni jina langu kwenye hiyo hoja. Norman hakuuza chochote. Ile kura moja ilikuwa yangu."

Viti vikakwaruza sakafu, watu wakigeuka kumtazama. Akaeleza akiwa amesimama, bila kulia, kwa sauti ileile anayoagizia viazi. Alisema Alhamisi kabla ya kura ulikuja jikoni kwake, ukaketi, ukalia. Alisema hakuwahi kukuona ukilia tangu ulipovunjika mkono shuleni. Ulimwambia kila kitu umekiweka juu ya mpango ule, jina lako na kazi yako, kwamba ukishindwa umekwisha, na kwamba uwanja mpya ni hakika, umeshauona kwa macho. "Nilikuwa na uwanja mkono huu na mtoto mkono huu," alisema. "Nikachagua mtoto. Mama gani hachagui mtoto? Lakini walipoanza kuapa pale Fleece, mimi hakuna aliyeniuliza. Nani angemuuliza Winifred mfua jezi? Siku ya kwanza niliona aibu nikanyamaza. Siku ya pili nikaona aibu ya siku ya kwanza. Basi ikawa hivyo miaka yote."

Kisha akasema neno ambalo ndilo linanifanya niandike kwa kuikandamiza kalamu hivi. Alisema, "Desmond anajua. Nilimwambia siku ileile ya kura."

Kwa hiyo ulijua. Ulikuwa bado hapa walipopaka kile kinyesi. Ulipita barabara ile kila asubuhi ukielekea ofisini, ukaliona lile neno kwenye banda la Norman, na ulijua. Edna alipokufa nilikupigia simu mwenyewe kukueleza watu walivyosusa, na nikacheka, Mungu anisamehe, na wewe ulisema nini? Ulisema, "Watu wa Aldersyke hawasahau." Unasema unamjua aliyewatia watu sumu. Mimi nilikuwa na kikombe tu. Chupa ulikuwa nayo wewe.

Norman alisimama. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, na kwa mara ya kwanza mkutanoni watu walimgeukia bila kejeli.

"Winifred," alisema, "Edna alikufa akidhani watu hawaji kwa sababu yangu."

"Najua."

"Ulikata mikate siku ile."

"Najua, Norman."

"Uliniangalia usoni ukanipa sahani."

Mama akakishika kiti cha mbele kwa mkono wa pili. Norman akasema, "Basi usinisalimie tena." Akaketi, akavaa kofia yake.

Clive, maskini, uso umemwiva, akasema anaiondoa hoja yake, tuendelee na mengine, Bi Winifred aketi apumzishe goti. Watu wakaguna kwa nafuu. Lakini Mama alimwambia, "Huondoi kitu. Imeshaungwa mkono. Nilikuwa nafua jezi za klabu hii wewe hujazaliwa, taratibu nazijua. Andika jina langu chini ya la mwanangu uisome upya."

Mwanamke mmoja akalia, "Si haki, huyu ni mama wa watu!"

"Na Norman ni baba wa watu," Mama akasema. "Mlimfanyia bila kura. Mimi angalau nipigieni."

Clive akanipa karatasi. Nikaisoma: Desmond Haigh na Winifred Haigh. Nikauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Hakuna mkono ulioinuka. Watu waliokuwa wakiruka dakika chache nyuma walikuwa wakitazama viatu vyao, kisha mmoja baada ya mwingine wakanitazama mimi. Nikamtazama Mama. Alikuwa ananitazama vilevile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na kuna dawa ya kumezwa.

Niliinua mkono wangu, Desmond. Wa kwanza. Mwenyekiti halazimiki kupiga kura kabisa, ningeweza kuiacha hoja ife kwa kukosa mikono na kila mtu angenishukuru. Niliuinua na nikauacha juu hadi mingine ikaanza kupanda, polepole, kama watu wanaoinua kitu kizito. Norman hakuinua wake. Aliweka mikono yake magotini akaangalia sakafu. Hoja ikapita. Mama akasema, "Asanteni," akachukua koti lake, akatoka. Tulikuwa tumekuja kwa gari langu, kwa hiyo alinisubiri kwenye maegesho wakati mimi nikimaliza ajenda iliyobaki, ambayo ilikuwa kibanda cha chai. Nilipoingia garini aliniuliza, "Ile ya chai imepita?" Nikasema imepita. Hatujalizungumza tena jambo lile.

Usiniulize kama najuta. Asubuhi nyingine naamka nikijiona mwana mbaya kuliko wote waliowahi kuzaliwa Yorkshire, halafu nakumbuka wewe upo. Asubuhi nyingine nadhani ni kitu pekee cha haki tulichomfanyia Norman Thewlis, ambaye, kwa taarifa yako, nilimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi na akanisikiliza mlangoni hadi mwisho, kisha akaufunga. Ana haki ya mlango wake.

Nakueleza lililobaki ili usije ukalisikia kwa mwingine. Kuna njia ya miguu ya umma inayopita nje ya uzio wetu, nyuma ya goli la upande wa mitambo. Si ya klabu, kwa hiyo marufuku yetu haiifikii. Kila Jumamosi ya nyumbani, tangu siku ile, Mama anakwenda kusimama pale. Mvua, barafu, upepo wa mashariki na harufu yake yote. Watu walitaka kuitisha mkutano mwingine wa kumrudisha. Alikataa, alisema kura ni kura na asingependa klabu ipate tabia ya kujirudi. Juma la kwanza Norman alitundika bango la tangazo kwenye uzio mbele ya mahali pake palepale, Mama asione kitu kipindi kizima. Nilikasirika nikataka kulivua. Mama akasema niliache, akasogea hatua chache upande wa kona. Jumamosi iliyofuata bango lilikuwa limesogea nalo. Wanafanya hivyo hadi sasa, wale wazee wawili, na hakuna anayethubutu kuingilia. Mashabiki wa Bargate walipopita njia ile mwezi huu, mmoja akaanza kumwimbia bibi kizee aliyefukuzwa na Samadi. Mama alimwambia kitu ambacho sitakiandika. Wakakaza mwendo.

Sasa jibu la barua yako. Langoni hutapita. Clive atakuwepo, na mimi nitakuwepo, na wapo wengine ambao wangependa sana kukuona ukijaribu. Jukwaa jipya, tulilolijenga kwa mbao za ghala lililobomolewa, halina mahali panapokufaa. Usimwandikie tena katibu. Ukija Aldersyke usije na maelezo, maelezo tunayo ya kutosha kujazia lile shimo lako. Nenda kwanza kwa Norman. Atakufungia mlango, na wewe usimame pale ufungiwe kama tulivyofungiwa wengine.

Baada ya hapo nenda kwenye njia ya miguu. Mama ana miaka themanini na moja. Upepo wa pale unaupindua mwavuli wake, na hawezi kuushika na kulishika lile goti kwa pamoja. Jumamosi iliyopita nilimwona kutoka kwenye jukwaa ameloa hadi mabegani, na alikuwa anapiga makofi. Anahitaji mtu wa kumshikia. Mimi siwezi, Desmond. Mimi niko ndani.

Msalimie Pauline, ambaye sina neno naye. Mama anakusalimu, ameniona nikiandika, hakuuliza naandika nini, ila amesema kama ni wewe nikuambie uje na viatu vya tope. Nami nakutakia afya njema ya kifua, kwa kuwa safari ni ndefu na njia ile haina pa kukaa.

Ni mimi dada yako, ambaye hajakusamehe,

Avril Haigh